Jina Kwenye Bahasha

Kiwanda cha Uchapaji,
S.L.P. 71
5 Februari 1984

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu, kwa hiyo tuseme halikuharibika. Kesho yake nikaingia kazini. Mkuu wa chumba cha herufi akanipa pole ya msiba, na kwa mkono uleule akanipa kurasa arobaini nizipange. Ndivyo alivyo, pole yake ina kazi ndani.

Sasa sikiliza kichekesho. Kazi yenyewe ni kijitabu cha majina ya watoto na maana zake, kwa wazazi wanaosubiri. Jina langu liko ukurasa wa kwanza kabisa. Unajua hapa kiwandani tuko wanne wenye jina hili, na ili tusichanganywe tunaitwa kwa kazi zetu: Aisha Gundi, Aisha Chai, Aisha Stoo, na mimi Aisha Herufi. Mtu akisimama mlangoni akaita, mashine nne zinanyamaza. Kijitabu kinasema wenzetu wamejaa dunia nzima, wengine wanaitwa Asha, wengine Esha, wengine Aishatu, shina ni moja.

Nilikuwa nikicheka huku napanga, halafu nikaacha kucheka. Nilikumbuka maneno ya shangazi.

Siku tuliyomzika baba alikuja mama mmoja mrefu mwenye miwani, akasimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Wewe ulimpelekea kiti. Hukumwambia neno, wala yeye hakukwambia neno. Nikamwuliza shangazi jikoni, "Yule nani?" Akasema, "Yule mwalimu mstaafu. Ndiye aliyekuwa aolewe na baba yako kabla ya mama yako kuonekana. Anaitwa Aisha. Kwani wewe ulidhani jina lako limetoka wapi?" Akaendelea kuosha vikombe vyake kama vile ameniambia chumvi imekwisha.

Mama, miaka ishirini na tisa nimebeba jina la mchumba wa baba? Nani alilitoa, yeye au wewe? Sasa naelewa kwa nini hujawahi kuniita kwa jina langu hata siku moja. Wenzangu waliitwa na mama zao kwa majina yao, mimi naitwa Kibaba. Na nilivyokuwa nikijidai! Nilidhani ni kwa sababu nimetokea kibaba, sura ya baba mtupu. Kumbe ulikuwa unalikwepa jina.

Nijibu, mama. Usinizungushe kama ulivyozoea.

Mwanao,
Aisha


22 Februari 1984

Kibaba wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa miwani ya baba yako, maana yangu nimeikalia na sasa ina jicho moja. Nashukuru kwamba umefika.

Mimi nipo na cherehani yangu. Shule imeniletea sare thelathini, zote zinataka kola nyeupe, na kola nyeupe haina huruma, hata jasho la kidole inalionyesha. Mama yako mdogo anakuja kila asubuhi akishamlisha mumewe, anakaa mlangoni ananisomea habari za gazeti la juzi. Anasema ananiliwaza. Mimi naona anataka kupumua kidogo nje ya nyumba yake, na sina neno.

Shangazi yako ana mdomo ambao hata ukiutia kifungo utajitafutia tundu jingine. Aliyefiwa na mume ni mimi, anayesimulia ni yeye. Kuhusu jina, jina ni jina. Umekua nalo, umesoma nalo, limekupatia kazi. Yaliyopita si ndwele, mwanangu, tugange yajayo. Na Kibaba haihusiani na sura ya baba yako, hilo ulijitungia mwenyewe. Tutazungumza ukija.

Ila nieleze jambo moja. Umeniandikia jina liko ukurasa wa kwanza, umeniandikia na ndugu zake wote, lakini maana yake hukuandika. Hicho kijitabu kinasema lina maana gani? Ninakilie neno kwa neno, usitie chumvi yako.

Kula vizuri. Bahasha nimeiandika kama siku zote, "Binti wa Fundi Saa". Naona huwa inakufikia.

Mama yako


11 Machi 1984

Mama,

Shikamoo. Nimekuuliza swali la maisha yangu, umenijibu habari za kola.

Unataka maana? Haya, hii hapa kama nilivyoipanga kwa mikono yangu: "AISHA. Jina la kike. Asili yake ni Kiarabu, kutoka neno lenye maana ya kuishi. Maana: aliye hai, mwenye kuishi. Kitenzi chetu 'kuishi' kimetoka katika shina hilohilo." Basi, neno kwa neno. Mwenye kuishi! Na kweli anaishi, nimemwona kwa macho yangu, amekaa kwenye kiti ulichompelekea.

Nitakwambia kinachoniuma zaidi. Si kwamba baba aliwahi kupenda kwingine. Nani hakupenda kwingine? Kinachoniuma ni kwamba ninyi wawili mlijua, na mimi nilikuwa kibao mlichoandikia mambo yenu. Kila mtu aliyeniita jina langu alikuwa anawakumbusha jambo, mimi peke yangu nilikuwa naitika tu.

Kwa hiyo nimeamua. Tarehe 26 nakwenda mahakamani kuapa, nibadili jina. Fomu ninayo. Kama una neno la kunizuia, liandike kabla ya siku hiyo. Likija tena neno la kola, nitajua huna.

Najua nina ukali. Nimeurithi, na si kwa baba.

Mwanao


2 Aprili 1984

Aisha mwanangu,

Umeona nilivyoanza. Na bahasha nayo nimeiandika hivyohivyo, kwa herufi kubwa, "Aisha Herufi", kama wanavyokuita wenzako kazini. Ni mara ya kwanza mkono wangu kuliandika jina lako. Nilidhani litanichoma, kumbe ni herufi tano tu.

Tarehe yako imepita, najua. Barua hii nimeianza mara sita. Mama yako mdogo amenitania kwamba nakata karatasi nyingi kuliko kitambaa.

Kabla yako nilizaa mtoto wa kiume. Hatukukwambia. Jina lake tulilichagua mapema mno, miezi mitatu kabla, na mimi kwa ushamba wangu nikalidarizi kwenye shuka kwa uzi wa buluu. Akaishi siku nane. Baada ya hapo nilikaa kitandani nikalifumua lile jina, herufi moja moja, mpaka shuka likabaki na vitundu. Kwa hiyo ulipokuja wewe, kwa miezi saba badala ya tisa, sikuwa na jina. Si kwamba nilisahau. Niliogopa. Nilisema moyoni, huyu simwiti, nikimwita atakwenda.

Mkunga akakuweka kwenye mizani, akatikisa kichwa, akasema, "Mbona hata kibaba cha unga kinamshinda huyu?" Ndipo ulipopata Kibaba. Ni kipimo, mwanangu, kile cha kupimia unga. Sura ya baba yako uliipata baadaye, ulipoanza kula.

Asubuhi ile karani wa hospitali akapita na daftari lake, kalamu sikioni, vitanda kumi na viwili vinamsubiri. Akaniuliza, "Mtoto anaitwaje?" Mimi nilikuwa nakutazama kifua, nahesabu pumzi. Nikamjibu, "Aishi tu." Maana yangu ilikuwa aishi, basi, mengine nitayatakia nini? Akauliza, "Aisha. Jina la baba?" Nikamtajia la baba yako, kwa kuwa hilo swali ndilo nililolisikia. Akaandika, akafunga kadi kwenye kitanda chako, akaenda kwa mwenzangu wa kitanda cha pili. Sikuomba jina. Niliomba uhai, na karani akaandika alichodhani amesikia.

Mchana baba yako akaja, mikono bado ina mafuta ya saa. Akainama, akaisoma ile kadi. Akasimama pale muda mrefu, kisha akalia. Nikadhani analilia udogo wako. Wiki ya tatu, tukiwa tumerudi nyumbani, akaniambia, "Umenisamehe kabla sijaomba. Sitalisahau hili." Nikanyamaza, kwa sababu sikujua nimesamehe nini. Mtu akikushukuru na hujui sababu, kaa kimya, sababu itakuja yenyewe. Ilikuja baada ya mwaka, na aliyeileta ni shangazi yako huyohuyo.

Baba yako alikuwa bado anaandikiana na yule mwalimu, na Jumamosi alikuwa akimtembelea, akiniambia anakwenda kutengeneza saa ya shule. Siku alipoisoma kadi, aliamini nimejua. Aliamini nimempa mtoto jina lile makusudi, kumwambia nimejua na nimemsamehe. Akatoka hospitali akaenda kuchoma barua zote, na saa ya shule haikuharibika tena.

Sasa niambie wewe, ningefanya nini? Ningemwambia, "Bwana wee, lile ni kosa la karani, mimi hata sikujua una mtu"? Ningemnyang'anya msamaha ambao amekwisha kuujengea nyumba. Tangu siku ile alikuwa mume mwema, na wewe ni shahidi. Nikaona heri nimeze. Lakini kila aliyekuita jina lako, mimi nilimsikia yule. Ndiyo maana nikashika Kibaba, nikakishika mpaka leo. Nilikuwa namlinda baba yako, naulinda na moyo wangu, na wewe nikakuacha katikati huna pa kushika. Hilo ndilo kosa, na si la karani.

Barua yako ya hasira ilinikuta nakata kitambaa. Nilipofika pale uliponinakilia maana, nikaweka mkasi chini. Mimi niliishia darasa la nne, majina ya watu nayapokea yanavyokuja, sikuwahi kuuliza yana nini ndani. Miaka ishirini na tisa nilidhani karani alikosea. Kumbe aliandika kilekile nilichosema. Jina lako si la mwalimu, wala hakulitoa baba yako. Nililitoa mimi, kwa mdomo wangu, kwa hofu niliyokuwa nayo asubuhi ile, kisha nikalikimbia maisha yangu yote.

Kama hujaapa, usiape. Kama umekwisha kuapa, njoo nikuite nalo walau mara moja, halafu kalitupe unapotaka. Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa, lakini nimesema.

Mama yako


24 Aprili 1984

Mama,

Shikamoo. Wiki sita, hata mstari mmoja. Basi na kimya ni jibu, nimelisoma.

Nimekwisha kuapa. Sasa naitwa Zuhura, maana yake ni ile nyota inayong'aa alfajiri. Nimelitoa kwenye kurasa za mwisho za kijitabu, kwa hiyo nimehama kutoka A mpaka Z, na wenzangu wa chumba cha herufi wamenitania mpaka wamechoka. Kitambulisho kipya ninacho. Cheti cha kuzaliwa nilikichana.

Watu wana tabia ya kukurudisha ulikotoka, kwa hiyo nimekuwa mkali. Bawabu wetu ndiye anayepokea barua. Nimemwambia Aisha Herufi hayupo tena hapa, na barua yoyote itakayokuja kwa jina hilo airudishe posta. Yule ni mtu wa amri. Ukimwambia afunge mlango ataufunga hata wewe ukiwa nje. Lakini wewe hilo halikuhusu, kwa kuwa hujawahi kuliandika jina lile kwenye bahasha. Endelea na "Binti wa Fundi Saa", nitaipata.

Nilidhani nitafurahi siku ile. Mahakamani pana mabenchi ya mbao na foleni, hakimu akasoma upesiupesi, mimi nikarudia maneno. Niligeuka kutazama mlangoni mara mbili. Sijui nilikuwa namtazamia nani.

Zuhura


7 Mei 1984

Mwanangu,

Ni mimi mama yako mdogo. Barua hii atakuletea muuguzi anayemsindikiza mama yako, kwa hiyo ujue kwamba ukiisoma, mama yako yuko mjini kwenu.

Ijumaa asubuhi nilimkuta ameanguka kando ya cherehani, mguu bado uko kwenye pedali. Upande wa kulia hausogei. Maneno yanatoka moja moja, na mengine hayatoki. Daktari wetu amesema hapa hana la kufanya, ndiyo maana wamemleta hospitali kuu. Mimi siwezi kuja. Baba yako mdogo hata kikombe hawezi kukishika mwenyewe, nikimwacha siku mbili nitamkuta si mtu. Nenda leo. Acha kazi, nenda.

Ndani nimekuwekea bahasha. Ni barua ya mama yako ya mwanzo wa Aprili. Ilirudi tarehe 19, na muhuri wa posta juu ya jina lako: HAJULIKANI. Sikuifungua, si yangu. Mama yako alipoiona aliigeuza huku na huku, akaniuliza kama nasoma anachosoma yeye. Nikasema ndiyo. Akasema, "Amenikataa kwa jina lenyewe." Akaitia kwenye droo ya vifungo, akarudi kwenye kola zake. Tangu siku hiyo hakuzungumza mengi, na gazeti akawa hataki nimsomee.

Sikulaumu, lakini sikufichi. Barua yako ya tarehe 24 nayo imefika.

Nenda, mwanangu.

Mama yako mdogo


9 Mei 1984

Mama mdogo,

Shikamoo. Nampa barua hii dereva wa basi ikufikie leoleo, unijibu kwa njia hiyohiyo.

Nilikwenda jana, saa nane mchana, wakati wa kuona wagonjwa. Njia nzima nilikuwa najifunza la kusema. Wodi ile hawaingizi watu ovyo. Unamwachia muuguzi kitambulisho mezani, anakwenda kumwuliza mgonjwa kama anakupokea. Nikamwambia mimi ni binti yake. Akachukua kitambulisho, akaingia, mlango ukabaki wazi kidogo. Nikamsikia kwa masikio yangu. Alisema, "Bibi, una mgeni. Anasema ni mwanao, Zuhura." Kisha nikasikia sauti ya mama, nzito, kama ana kitu mdomoni: "Sina mtoto wa jina hilo."

Muuguzi akatoka, akanirudishia kitambulisho, akaniambia kwa upole, "Dada, labda umekosea wodi."

Sikukosea wodi. Nimeelewa. Nilimrudishia barua yake, naye amenirudisha mimi. Nikasema haya, tumelipana. Nikatembea mpaka kiwandani, nikapanga herufi mpaka jioni, na mkuu akanirudishia ukurasa wote kwa makosa, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Bahasha uliyonitumia sijaifungua. Iko mfukoni mwangu, nimekwenda nayo kila mahali. Naogopa ni laana, na laana ya mama ukishaisoma huwezi kuifuta. Lakini niambie, barua yangu ya Aprili ulimsomea? Ile ya kiapo? Alisemaje alipoisikia? Nataka kujua maneno yake yaleyale, hata kama yanakata.

Sitakwenda tena mpaka unijibu. Siwezi kukataliwa mara mbili katika mlango mmoja.

Mwanao


10 Mei 1984

Mwanangu,

Sikumsomea! Mungu wangu, sikumsomea!

Ilifika Jumatano, siku mbili kabla hajaanguka. Niliichukua posta, nikaifungua njiani kama tulivyozoea sisi kufunguliana, nikaona habari za kiapo na cheti ulichochana. Nikasema, huyu ana majonzi ya mume na bahasha iliyorudi, simwongezei la tatu. Nikaificha kwenye pipa la unga. Nilisema nitampa akipata nguvu. Mpaka leo hajui kama uliapa, hajui neno Zuhura. Ukimwuliza kama ana mtoto wa jina hilo atakwambia hana, na amesema kweli, hana!

Na mimi mjinga, nilipokuandikia nikakwambia "imefika" tu, nikaogopa utanikasirikia kwa kuificha. Nimeogopa watu wawili kwa mpigo, na nimewaumiza wote wawili.

Usikae kitako kunijibu. Rudi hospitali. Na hiyo bahasha ifungue, mwanangu. Dada yangu aliiandika mara sita, hakuna mtu anayeandika laana mara sita.

Mama yako mdogo


11 Mei 1984

Mama mdogo,

Simu ya maandishi itakuwa imekutangulia. Posta walinipa nafasi ya maneno machache, hayakutosha, ndiyo maana naandika haya, nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi huku nasubiri gari. Kesho tunakuja naye. Mwambie fundi wa jeneza asiharakishe kwa vipimo vya kukisia, nitakuletea vipimo kamili. Mama hakupenda kitu kinachobana.

Barua yako nilikabidhiwa leo asubuhi langoni. Bawabu aliniuliza kama aipokee au airudishe, maana ilikuwa imeandikwa kwa haraka na jina halisomeki. Nilimpokonya. Nikasoma nimesimama. Kisha nikaifungua na ile ya mama, palepale langoni, malori yananipigia honi nihame njia.

Utaisoma mwenyewe, nimekutunzia. Siwezi kuieleza hapa. Nitakwambia tu kwamba jina langu alilitoa yeye, na kwamba hakumtaja yule mwalimu hata kidogo siku alipolitoa. Kulikuwa na kaka yangu. Je, wewe ulijua? Bila shaka ulijua. Sote katika ukoo huu tunajua mambo, tunayaweka kwenye droo, kwenye pipa, mfukoni.

Nilikimbia, mama mdogo. Nina miaka ishirini na tisa na sijawahi kukimbia barabarani mchana watu wakinitazama. Nilikuwa nimejipanga. Kitambulisho sitakitoa. Nikiulizwa jina, nitasema lile lake, na kama muuguzi hataki, nitaliita kwa sauti kutoka mlangoni mpaka alisikie. Nilitaka aniite mara moja tu. Hakuomba zaidi, na mimi sikutaka zaidi.

Mezani alikuwa amekaa muuguzi mwingine, mtu mzima, anaandika kwenye daftari. Akaniuliza namtaka nani, nikamwambia. Akaweka kalamu chini. Akaniambia mama alipumzika jana, saa kumi za jioni. Walikuwa wakitafuta wa kumpelekea habari na hawakujua pa kuanzia.

Sikulia, maana sikuwa nimeamini. Akavuta daftari la vifo, akaniomba nimsaidie kulijaza. Akaandika la mama. Akaniuliza mimi ni nani wake, nikasema binti. Akaniuliza jina. Nikalisema. Lilitoka lenyewe, kama kwamba sijawahi kwenda mahakamani.

Akaacha kuandika, akanitazama sana, mama mdogo. Akasema, "Aisha? Wewe ndiye Aisha? Tangu Jumanne anakuulizia. Kila mlango ukifunguka, 'Aisha amekuja?' Tukawa tunamwambia bado, mama, bado hajafika."

Mwanao